Unauza mbuzi mtandaoni? Wajue minyoo wake kabla mteja hajakuuliza

Somo la leo ni la wanaouza mbuzi, nyama, supu au samadi kwa WhatsApp na Facebook. Mfano wangu ni Kakese, Manispaa ya Mpanda, maana kule mpunga na mifugo vinakaa jirani. Mtu anampiga mbuzi picha asubuhi, anaweka status, na kabla ya saa sita mteja wa mjini ameshatuma advansi.

Halafu mteja anauliza: "Huyu mbuzi hana minyoo? Hatutaugua?" Wengi wetu tunajibu haraka, "Hana shida, boss." Kwa jibu hilo umemdhaminia mteja afya yake bila kujua unachodhamini. Twende taratibu.

MNYOO ANAYEKULA FAIDA YAKO

Mnyoo hatari kuliko wote kwa mbuzi wetu ni yule anayenyonya damu kwenye tumbo la nne. Kitaalamu anaitwa Haemonchus. Jike mmoja hutaga maelfu ya mayai kwa siku. Mayai yanatoka na kinyesi, yanaanguliwa kwenye unyevu, na watoto wake wanapanda majani yenye umande. Mbuzi akila majani hayo, mzunguko unaanza upya. Ndiyo maana kwetu Katavi shida huwa kubwa msimu wa mvua, Novemba mpaka Aprili.

Wauzaji wengi wanakosea hapa: mnyoo huyu mara nyingi haharishi. Mbuzi anaweza kutoa kinyesi kikavu cha punje safi kabisa huku damu inaisha. Basi usiangalie kinyesi peke yake. Vuta kope la chini la jicho. Ndani kukiwa kwekundu, vizuri. Kukiwa kweupe kama karatasi, huyo ni mgonjwa. Wataalamu wa Afrika Kusini walitengeneza kadi yenye rangi tano za kulinganishia hapo. Angalia pia chini ya taya: uvimbe laini kama mfuko wa maji ni dalili mbaya.

Mbuzi wa namna hiyo anaweza kufia njiani kabla hajafika kwa mteja. Utarudisha hela, na screenshot itazunguka kwenye magrupu yote.

JE, MINYOO HAWA WANAINGIA KWA MTU?

Jibu la kweli: wengi hawaingii kupitia nyama iliyoiva. Huyo mnyonya damu kumpata mtu ni nadra sana. Ule utepe mrefu mweupe unaokutana nao ukisafisha utumbo ni tegu wa mbuzi. Unatisha, lakini si yule tegu wa nguruwe anayempata mtu kwa kula nyama isiyoiva. Utumbo uliosafishwa vizuri na kuchemshwa mpaka ukaiva hauna tatizo la tegu huyo.

Hatari kwa binadamu inapita milango mitatu:

1. Kinyesi. Wapo minyoo wembamba wa mbuzi wanaoweza kuishi kwenye utumbo wa mtu. Tunawapata kwa kula mboga mbichi zilizowekewa samadi mbichi. Pia vitoto vya mbuzi vinavyoharisha vinaweza kutoa vijidudu vidogo sana, kama kriptosporidia, vinavyomharisha mtu. Dawa ya klorini ya kutibu maji haiviui vizuri, kuchemsha ndiko kunaviua. Mtu mzima mwenye afya hupona, lakini mtoto mdogo au mtu anayeishi na VVU anaweza kuzidiwa. Kwa hiyo watoto wasicheze bandani, na kila anayeshika mbuzi anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula.

2. Mbwa. Huu mlango ndio tunausahau. Ukichinja, unaweza kukuta malengelenge yenye maji kwenye ini au mapafu. Ukimtupia mbwa, ndani yake anakua tegu mdogo. Mayai ya tegu huyo yanatoka na kinyesi cha mbwa, na mtu akiyameza anaota uvimbe wa maji ini au mapafuni. Unakua polepole kwa miaka, na mara nyingi unahitaji upasuaji. Wenzetu wa Turkana, Kenya, waliteswa sana na ugonjwa huu. Zika au choma sehemu hizo, na mbwa wa nyumbani apewe dawa ya minyoo.

3. Nyama na maziwa mabichi. Kuna kijidudu kinaitwa toksoplasma, kinachokaa kwenye nyama ya mbuzi bila dalili yoyote ya kuonekana. Mama mjamzito akikipata kwa mara ya kwanza, kinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Kama unauza mishikaki au choma, iive mpaka ndani. Maziwa ya mbuzi yachemshwe.

Kwa wenzetu wa mabonde ya mpunga: mbuzi anayelisha majimajini kwenye konokono anaweza kupata minyoo wa ini. Ini likiwa na mishipa migumu na minyoo bapa kama majani, usiliuze. Mtu humpata mnyoo huyu kwa kula majani mabichi ya majini au kunywa maji ya bondeni bila kuchemsha.

MTEGO WA DAWA

Kuna wanaomnywesha mbuzi dawa ya minyoo leo ili "anawiri kwenye picha", kesho anachinjwa. Usifanye hivyo. Kila dawa ina siku za kusubiri kabla ya kula nyama au kunywa maziwa, na zimeandikwa kwenye chupa. Ukiuza kabla ya siku hizo kuisha, mteja anakula dawa.

Pia usikadirie dozi kwa macho. Dozi ndogo inawaacha hai minyoo sugu, na msimu ujao dawa haitafanya kazi. Zipo dawa ambazo kipimo cha mbuzi ni tofauti na cha kondoo. Muone afisa mifugo wa kata yako, akupe kipimo kulingana na uzito.

KABLA HUJAPOSTI, KAGUA HAYA

✅ Kope la ndani ni jekundu, na taya halina uvimbe.
✅ Tarehe na jina la dawa umeandika kwenye daftari, na siku za kusubiri zimeisha.
✅ Mbuzi wa kusafirishwa ana kibali cha kusafirisha mifugo.
✅ Nyama imepita kwa mkaguzi.
✅ Samadi imerundikwa, ikapata joto, ikageuzwa, ikaoza vizuri. Mwambie mteja asiiweke mbichi kwenye mchicha.

Mteja akiuliza, nakili ujumbe huu uujaze:

"Mbuzi huyu alipewa dawa ya minyoo aina ya ..., tarehe ... Siku za kusubiri ziliisha tarehe ... Tafadhali pika nyama mpaka iive, nawa mikono baada ya kushika utumbo, na usimpe mbwa mabaki mabichi."

Mistari hiyo mitatu haikugharimu hata shilingi. Lakini mteja akiisoma anaona anaongea na mtu anayeijua bidhaa yake, na akipata mgeni Jumapili atakutafuta wewe kwanza. Zaidi ya hapo, hao watoto wanaocheza karibu na banda ni wako. Usafi unaomlinda mteja ndio huo huo unaowalinda wao.

Save somo hili, mtumie na mwenzako anayeuza mbuzi. Na wewe, mara ya mwisho kuvuta kope la mbuzi wako ilikuwa lini? Tuambie kwenye comment.