Magunzi na Maganda ni Mali

Wahenga walinena, usitupe mbachao kwa msala upitao. Ndugu msomaji, methali hii hunijia kila nikiangalia nyumba zetu hapa Eastlands.

Pita Mukuru au Korogocho, utaona vyumba vingi ni mabati matupu, ukuta na paa. Saa nane mchana ni tanuri, usiku wa Julai ni barafu. Jirani akikohoa unamsikia. Sasa mwanafunzi atasoma saa ngapi? Kosa ni la bati: ni jembamba, linapitisha joto upesi. Dawa yake ni kitu chenye vishimo vingi vya hewa, kwa maana hewa iliyotulia haipitishi joto kwa urahisi. Na kitu hicho tunakitupa kila msimu!

Kwanza, makapi ya miwa na magunzi ya mahindi. Hapa hapa Kenya, Bw. Mtamu Kililo na kampuni yake, MycoTile, hutengeneza vibao vya dari na ukuta kwa mabaki ya shamba na uyoga. Mabaki hupikwa ili vijidudu vife, kisha hutiwa mbegu ya uyoga. Nyuzi za uyoga hukua na kuyashika kama gundi. Mwishowe kibao hukaushwa kwa joto ili uyoga usiendelee kukua.

Pili, maganda ya mpunga, ambayo ni tele kule Mwea. Kilo 100 za mpunga hutoa kama kilo 20 za maganda, nayo yakichomwa hubaki kama kilo 4 za majivu. Majivu haya yana silika nyingi. Ukiyachanganya na chokaa na maji, hushikana yakawa magumu. Pia yaweza kuchukua nafasi ya sehemu ya simiti. Lakini angalia moto: ukizidi sana digrii 700 hivi, silika hugeuka fuwele na majivu hupoteza nguvu.

Tatu, katani. Nyuzi fupi za mkonge hutiwa katika vigae vya simiti ili visipasuke vikikauka. Ubaya ni kwamba simiti huzila nyuzi hizo polepole.

Wengine watasema, "Takataka itajenga nini? Si italowa na kuoza?" Ni kweli, vibao vya uyoga ni vya ndani, si vya kunyeshewa. Lakini mbona babu zetu walichanganya udongo na nyasi na mavi ya ng'ombe, na nyumba zikasimama? Elimu hii si ngeni, tumeisahau tu.

Basi wenzangu, tujaribu. Chukua mikebe miwili ya bati. Mmoja uutandike ndani magunzi yaliyopondwa. Tutaomba kwa akina mama wanaouza mahindi ya kuchoma. Funika yote miwili, weka kipimajoto katika kila mmoja, uianike juani, usome saa saba. Mikebe itatuambia kama dari ya magunzi yafaa.