Kuchagua Njia ya Kukamua Ng'ombe wa Maziwa

Mfugaji aongezapo ng'ombe wa maziwa, hujiuliza kama wakati umewadia wa kuacha kukamua kwa mikono na kununua mashine. Jibu halitokani na uzuri wa mashine, bali na mambo manne: maumbile ya ng'ombe, idadi yao, maji na umeme.

Yafaa kwanza ieleweke jinsi maziwa yashukavyo. Chuchu zinapooshwa na kupanguswa, habari hupita katika mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo, nao humwaga katika damu homoni iitwayo oksitosini. Homoni hiyo huibana misuli midogo ya kiwele ili maziwa yashuke. Nguvu yake hudumu dakika chache tu. Kwa hiyo mkamuaji akichelewa, maziwa mengine hubaki kiweleni. Ng'ombe akishtuliwa au kupigwa, huyazuia maziwa. Tena, ng'ombe wengi wa asili hawashushi maziwa mpaka ndama awepo; hao hawafai sana kwa mashine.

Mashine hukamua kwa mvuto wa hewa. Ndani ya kila kikombe kivikwacho chuchu mna mpira laini ambao hufunguka na kujifunga mara 60 hivi kwa dakika. Unapofunguka, maziwa hutoka. Unapojifunga, chuchu hupumzika na damu hutembea. Mvuto ukizidi, mpira ukichakaa, au vikombe vikiachwa baada ya maziwa kwisha, ncha ya chuchu huumia, na bakteria wa ugonjwa wa kiwele hupata mlango wa kuingilia.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme mkamuaji mmoja hutumia dakika 10 kwa kila ng'ombe, pamoja na kumwosha. Mwenye kihamba huko Kilimanjaro aliye na ng'ombe 4 atamaliza kwa dakika 40. Kwake mikono yatosha, na fedha za mashine zingefaa zaidi kununulia pumba na mashudu. Ng'ombe 20 watahitaji dakika 200, yaani zaidi ya saa 3, asubuhi na tena jioni. Mfugaji huyo ana sababu ya kufikiria mashine ya ndoo, ambayo huhamishwa kutoka ng'ombe hadi ng'ombe. Mitambo ya mabomba, ipelekayo maziwa moja kwa moja kwenye tangi la kupozea, ni ya mashamba makubwa yaliyo na fundi na vipuri karibu.

Hata hivyo, hesabu ya muda pekee haitoshi. Kila baada ya kukamua, mashine husuuzwa kwa maji ya vuguvugu, huoshwa kwa maji ya moto yenye sabuni, kisha husuuzwa tena. Pasipo maji ya kutosha, mipira na mabomba huwa makao ya bakteria, na maziwa huharibika mapema. Na umeme ukikatika, ni lazima wawepo watu wawezao kukamua kwa mikono.

Njia iwayo yote, kanuni ni zile zile: mikono iwe safi, maziwa ya kwanza yakamuliwe katika chombo cheusi ili mabonge yaonekane, ng'ombe mgonjwa akamuliwe mwisho, na chuchu zichovywe katika dawa ya iodini baada ya kukamua. Mfugaji asiyezishika kanuni hizi akamuapo kwa mikono, mashine haitamshikia.