Kabla ya Kununua Swichi Mpya za Gia: Somo kwa Mwenye Baiskeli Kuukuu



Puge, katika wilaya ya Nzega, iko kando ya barabara kuu iendayo Tabora. Hapo, kama katika sehemu nyingi za Unyamwezi, baiskeli ni chombo cha kazi: hubeba maji, mahindi, mkaa, na pengine mgonjwa wa kupelekwa zahanati. Baiskeli za mlimani, zile zenye matairi mapana na gia, nyingi huja zikiwa mtumba. Baada ya miaka kadhaa ya vumbi la kiangazi na tope la masika, gia zake huanza kukataa. Mnyororo huruka wakati mwendeshaji amesimama juu ya pedali akiwa na mzigo, naye huweza kuangukia njia ya lori.

Wengi hukimbilia kununua swichi mpya, yaani vifaa vya kubadilishia gia vilivyofungwa kwenye usukani. Katika somo hili tunaeleza mambo ambayo mlaji hana budi kuyajua kabla ya kutoa fedha yake.

1. Tafuta kwanza ugonjwa ulipo

Swichi huvuta waya. Waya hukivuta kifaa cha nyuma kinachohamisha mnyororo. Mnyororo huhama kutoka gurudumu moja la meno hadi jingine. Kasoro yaweza kuwa popote katika safari hiyo.

Mwombe fundi aufungue waya wa gia kule nyuma, kisha auvute kwa mkono. Ukikwama au ukikwaruza, umeshika kutu, au ganda lake limejaa uchafu. Waya na ganda ni spea za bei ndogo kuliko swichi. Halafu, waya ukiwa umefunguliwa, ichezeshe swichi huku ukiushikilia waya kwa mvuto mdogo. Ikiwa inapita hatua zake zote sawasawa, swichi ni nzima. Ikiwa haishiki, huenda grisi ya ndani imeganda tu; mafuta mepesi ya mashine na subira vimeziokoa swichi nyingi.

Mwisho, simama nyuma ya baiskeli na ukitazame kile kifaa kinachohamisha mnyororo. Kama kimepinda kuelekea spoku, hakuna swichi itakayokiponya. Kinyooshwe kwanza.

2. Hesabu, usiamini maandishi

Kama swichi imekufa kweli, hesabu magurudumu ya meno mbele na nyuma. Baiskeli yenye matatu mbele na sita nyuma huitwa ya gia 18. Matatu kwa saba ni 21. Matatu kwa nane ni 24. Usitegemee karatasi iliyobandikwa kwenye fremu, kwa kuwa gurudumu la nyuma huenda lilikwisha kubadilishwa.

Kwa nini hesabu hii ni muhimu? Mwaka 1984 kampuni ya Shimano ya Japani ilianzisha mfumo wa SIS, ambao kwao swichi hulia kila hatua, na kila hatua huvuta waya kwa kipimo maalumu. Swichi ya hatua nane huvuta kipimo kisicholingana sawasawa na nafasi za magurudumu saba, hivyo gia huenda zisikae vizuri. Vilevile, baadhi ya swichi za kampuni ya SRAM ya Marekani huvuta waya kwa kipimo tofauti na za Shimano, na hazioani na kifaa cha nyuma cha Shimano.

Kwa baiskeli kuukuu iliyochanganywa spea za kila namna, iko njia nyepesi: swichi ya kizamani isiyo na hatua, ambayo mwendeshaji huisogeza kwa kidole gumba hadi mnyororo utulie. Hiyo haijali idadi ya magurudumu ya nyuma, na haina mengi ya kuharibika.

3. Usiiponye gia ukaiua breki

Swichi nyingine zimeunganishwa na mkono wa breki. Ukizinunua, unabadili breki pia. Hakikisha mkono huo unafaa aina ya breki uliyo nayo. Kama huna hakika, nunua swichi zilizo peke yake.

Tena, ganda la waya wa gia si ganda la waya wa breki. Likikatwa, la breki huonyesha waya uliojiviringa kama springi. La gia huonyesha nyuzi nyingi nyembamba zilizolala kwa urefu. Ganda la gia likitumiwa kwenye breki laweza kupasuka siku ya kubana kwa nguvu. Usimruhusu fundi alitumie hivyo, hata kwa muda.

4. Sema kazi yako kabla ya kulipa

Wapagazi wa Kinyamwezi walioongoza misafara ya karne ya 19 waliupima mzigo kabla ya kuubeba. Mnunuzi naye apime kabla ya kulipa. Nenda dukani na swichi ya zamani, kisha umwambie muuzaji wazi: "Ndugu, nina magurudumu saba nyuma, na kifaa cha kuhamisha mnyororo ni hiki. Nahitaji swichi itakayofanya kazi navyo."

Maneno hayo yana uzito wa kisheria. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, bidhaa iliyouzwa kwa maelezo sharti ifanane na maelezo hayo. Tena, mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayoikusudia na kuutegemea ujuzi wake, bidhaa sharti iifae kazi hiyo. Mnunuzi anayetaja jina la chapa peke yake huenda akaikosa kinga hii ya pili. Nayo Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha au kuhadaa katika biashara.

Dai risiti, na uombe idadi ya hatua za swichi iandikwe humo. Hifadhi kasha na spea ya zamani. Kasoro ikionekana, acha kuitumia na urudi kwa muuzaji mapema. Akikataa kusikiliza, wasilisha malalamiko yako kwa Tume ya Ushindani pamoja na risiti hiyo.

Maswali ya kujipima

1. Baiskeli yako ina magurudumu mangapi ya meno nyuma?
2. Utajuaje kwamba kasoro iko kwenye waya wala si kwenye swichi?
3. Ni hatari gani iliyopo katika kutumia ganda la gia kwenye breki?
4. Utamwambia nini muuzaji kabla ya kulipa?

Asiyeweza kulijibu swali la kwanza aende akahesabu kabla hajaenda dukani.