Kinanda Kilie Kama Adungu

Katika orodha ya sauti 128 za General MIDI, iliyotolewa mwaka 1991 na kufuatwa na watengenezaji wengi wa vinanda, hakuna adungu, kinubi cha West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Namba 47 ni kinubi kile cha okestra za Ulaya, namba 109 ni kalimba, na Afrika inakaribia kuishia hapo. Kwa hiyo mpiga kinanda wa kwaya ya Logiri au Koboko anayetaka wimbo usikike kama wa West Nile hana budi kuichukua sauti ya kiwandani na kuipunguza. Nasema kuipunguza kwa makusudi. Wengi wakipewa kinanda hukimbilia kuongeza: sauti tatu juu ya nyingine, mwangwi tele, mpaka kwaya haisikiki.

Kinanda cha bei mbaya si lazima. Hata vile vya Yamaha PSR-E vina kitufe cha FUNCTION, ambacho hukufikisha kwenye ukubwa wa sauti, oktava na kiasi cha mwangwi. PSR-SX na Korg Pa vina ukurasa mzima wa kuhariri sauti.

Anza na mwangwi, yaani palipoandikwa REVERB. Sauti za kiwandani hutiwa mwangwi ili zipendeze mtu anapojaribu kinanda dukani. Chini ya paa la mabati jengo lenyewe lina mwangwi wake, na ukijumlisha yote mawili maneno ya wimbo yanamezwa. Shusha kiasi cha mwangwi wa sauti husika mpaka karibu na sifuri, kisha rudisha kidogo kidogo ukisikiliza kutoka benchi la nyuma. Mwache mwenzako apige. Aliyekaa kwenye kinanda ndiye mwamuzi mbaya kuliko wote.

Kinachofuata ndicho chenye utamu: namna sauti inavyoanza na inavyokufa. Adungu ya Waalur, iliyoenea shuleni na makanisani, ni kisanduku cha mbao kilichowambwa ngozi, chenye shingo iliyopinda na nyuzi ambazo siku hizi mara nyingi ni za nailoni. Ukiudonoa uzi, sauti hutoka papo hapo na kufifia upesi. Kinubi cha okestra huvuma muda mrefu. Basi chagua kinubi, ATTACK uiache chini kabisa, DECAY uifupishe, na RELEASE uipunguze hadi ukiinua kidole sauti ife bila kuburuza mkia. Kisha shusha CUTOFF au BRIGHTNESS kidogo, kwa sababu ngozi na mbao hazina mng'ao ule wa nyuzi ndefu za okestra. Kama kinanda kinakubali sauti mbili kwa pamoja, weka kalimba nyuma ya kinubi, iwe ndogo kiasi kwamba ukiizima msikilizaji ahisi kimepungua kitu bila kujua ni nini.

Kama kinanda chako hakina vipimo hivyo, tafuta sauti iliyo fupi kwa asili yake: gitaa la nailoni, namba 25 katika orodha hiyo, gitaa lililozibwa kwa kiganja, namba 29, au fidla za kudonolewa, namba 46. Namba zilizochapishwa juu ya kinanda zinaweza kuwa nyingine, hivyo fuata jina.

Upigaji nao ubadilike. Adungu hupigwa kwa familia: ndogo, za kati, na ile kubwa ya besi. Tumia SPLIT kugawa kinanda, mkono wa kushoto upewe sauti hiyo hiyo oktava moja au mbili chini, ucheze noti moja moja. Kodi nene za noti nne zitakuumbua mara moja.

Agwara, zile tarumbeta za kupulizwa ubavuni, ni habari nyingine. Kila moja ina noti chache tu, na wimbo huzaliwa kwa wapigaji kupokezana. Unaweza kuchukua tarumbeta ya kinanda, ukaondoa mtetemo na kufupisha mwisho wake, lakini kwa maoni yangu ni kazi bure. Waiteni wapigaji wenyewe.

Mkipiga pamoja na ala halisi, kinanda ndicho kiifuate ala. Hata o'di ya Wamadi, ala ya nyuzi iliyo ndugu wa nyatiti na ambayo muziki na dansi yake viliwekwa na UNESCO mwaka 2016 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, haina deni lolote kwa hezi 440 za kiwandani. Rekebisha kwanza TUNING ya kinanda kizima. Ikiwa noti moja au mbili bado zinagombana, na kinanda kina SCALE TUNE, zisogeze hizo peke yake. Kutoka noti moja hadi nusu toni inayofuata ni senti 100.

Halafu hifadhi, tena mapema. Kwa miaka mingi West Nile iliishi nje ya gridi ya taifa, ikitegemea jenereta na bwawa la Nyagak la megawati 3.5, na hakuna mwanamuziki wa huku asiyejua umeme kukatika katikati ya kazi. Sauti za kiwandani hazifutiki, usiogope kuzichezea. Ulichobadilisha ndicho hupotea. Kwenye PSR-E kiweke katika REGISTRATION MEMORY, kama ipo. Kwenye PSR-SX na Korg hifadhi sauti katika eneo la USER na nakala kwenye flashi. Vinanda vingi vya Yamaha pia hujizima baada ya dakika 30 bila kuguswa, na kwenye PSR-E nyingi ukiwasha huku umeshikilia kibonyezo cheupe cha mwisho kulia, mipangilio yako yote inafutwa. Watoto wa kwaya wafukuzwe upande ule. Daftari lenye namba za vipimo linasaidia pia siku mtakapoazima kinanda cha parokia jirani.

Mwisho, waya. Tundu la hedifoni la vinanda vidogo hutoa pande mbili, na waya wa mono ukichomekwa humo hupeleka upande wa kushoto tu. Ala zilizowekwa kulia na kiwanda zitapotea, baadhi ya ngoma zikiwemo. Nunua waya wa stirio unaounganisha pande zote, au kama kinanda kina tundu la L/L+R, chomeka hapo peke yake.