Namna ya Kumpendekezea Mtu Filamu ya Kicheko na Machozi

Katika mabanda ya video tulikokulia, swali la kwanza lilikuwa moja: "Steringi ni nani?" Ukishamjua steringi umejua yote. Atapigwa, atatoroka, atarudi kulipiza, na adui atakufa mwishoni.

Zipo filamu ambazo swali hilo halizifai. Steringi wake ni babu mkorofi, au mtoto aliyehamishwa nyumba hadi nyumba bila wa kumpenda, au familia nzima inayosukuma gari bovu barabarani. Mara nyingi hashindi alichokwenda kukitafuta. Unacheka, na kabla kicheko hakijaisha koo linakukaba.

Waswahili husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Filamu hizi ni njema, lakini hazijiuzi. Hutengenezwa kwa fedha kidogo, aghalabu nje ya kampuni kubwa, na hazina mabango ya kuzitangaza. *Harold and Maude* ya Hal Ashby ilipotoka mwaka 1971, haikupata watazamaji. Inamhusu kijana tajiri anayependa kuhudhuria mazishi ya watu asiowajua, na bibi wa miaka 79 anayemfundisha kuishi. Kilichoiokoa ni midomo ya watu. Huko Edina, Minnesota, jumba moja la sinema liliionyesha kwa zaidi ya miaka miwili mfululizo, na mwaka 1997 ikaingizwa katika orodha ya taifa ya filamu ambazo Marekani imeamua kuzihifadhi. Kwa hiyo ukiipenda filamu ya namna hii, tangazo lake ni wewe. Jifunze kuitangaza vizuri.

Mtazame mtu kabla ya filamu

Nilijifunza hili kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita nilimwekea shangazi yangu *Little Miss Sunshine*, nikamwambia tu kwamba inachekesha sana. Ni kweli inachekesha: familia inasafiri kwa kibasi cha njano cha Volkswagen kutoka Albuquerque hadi California, ili binti mdogo ashiriki mashindano ya urembo, na klachi ikishakufa wanalazimika kulisukuma gari kila wanapoondoka. Lakini njiani babu anafariki, na familia inautoa mwili wake kupitia dirisha la hospitali ili safari iendelee. Shangazi alikuwa amemzika baba yake miezi mitatu kabla. Aliinuka kimya akaenda jikoni, na hakurudi.

Filamu haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu. Tangu siku hiyo, kabla ya kutaja jina lolote, najiuliza maswali mawili: mtu huyu anapitia nini sasa, na jeraha lake bado bichi au limeanza kufunga? Aliye kwenye msiba mpya mwache kwanza. Aliyeanza kusimulia habari za marehemu huku akitabasamu, huyo yuko tayari.

Taja moja tu

Mtu akikuomba filamu ukampa orodha ya kumi, hatatazama hata moja. Chagua moja, useme kwa nini umeichagua kwa ajili yake. "Nimekufikiria wewe nilipoiona" ni maneno yenye nguvu kuliko tuzo zote, hata kama *Little Miss Sunshine* ilipata Oscar mbili.

Simulia mkasa, ficha mwisho

Usianze na mwongozaji, mwaka wala sifa. Anza na hali ambayo msikilizaji ataielewa papo hapo. Kwa *The Farewell* ya Lulu Wang (2019), sema hivi: "Bibi ana saratani, ukoo mzima unajua isipokuwa yeye mwenyewe. Wanabuni harusi ya haraka ili wote wapate sababu ya kwenda China kumuaga bila kumwambia." Hapo nyamaza. Nani kwetu hajawahi kukaa kwenye kikao cha ndugu wakibishana kama mzee aambiwe ugonjwa wake? Msikilizaji atauliza mwenyewe, "Ikawaje?" Usimjibu. Mwambie akaione.

Usifiche uchungu

Kutaja kwamba kuna kifo, ugonjwa au mtu aliyejaribu kujiua hakuharibu utamu. Ni heshima. Katika *Harold and Maude* kijana anaigiza kujiua tena na tena ili kumshtua mama yake, na *Little Miss Sunshine* ina mjomba aliyetoka hospitali baada ya jaribio kama hilo. Mwenye ndugu aliyepitia hayo anastahili kuambiwa mapema, achague mwenyewe. Sema kwa ufupi: "Kuna sehemu nzito, inahusu jambo fulani, lakini haikuachi hapo."

Mwandae kwa mwendo wake

Filamu hizi huchemka taratibu kama maharage. Aliyezoea risasi dakika ya pili ataona hakuna kinachotokea. Mwambie avumilie nusu saa ya kwanza, na atazame watu badala ya kungoja tukio. *The Station Agent* ya Tom McCarthy (2003) ni mfano mzuri. Mtu mfupi wa kimo, mpenda treni, anarithi jengo la stesheni ya zamani huko New Jersey na kuhamia humo ili asisumbuliwe. Anakuta muuza kahawa mwenye maneno mengi na mama aliyefiwa na mtoto. Wanatembea kando ya reli, wanakula, wanakaa kimya. Urafiki unaota mbele ya macho yako bila mtu kuutangaza.

Muulize pia kuhusu lugha. Sehemu kubwa ya *The Farewell* ni Kichina, hivyo atahitaji kusoma maandishi chini ya skrini. Kwa mzee ambaye macho yamechoka, kaa pembeni umtafsirie, kama wafanyavyo wasimulizi wa filamu kwenye mabanda. Na usimtumie kiungo cha kupakua filamu nzima wakati bando lake ni la kusomea ujumbe tu. Mwalike kwako.

Nani apewe ipi

Anayeanza kabisa: *Supa Modo* ya Likarion Wainaina, kutoka Kenya (2018). Jo, msichana wa miaka tisa anayependa filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu, anarudishwa nyumbani kutoka hospitali kwa sababu hakuna tiba tena. Dada yake anawashawishi wanakijiji wamfanye aamini kwamba yeye mwenyewe ni shujaa, na mwishowe wanatengeneza filamu naye. Kiswahili kimo ndani yake, kijiji ni kile tunachokijua, na ni dakika 74 tu. Isipokuwa mzazi mwenye mtoto mgonjwa, kwake ngoja.

Familia yenye vijana: *Hunt for the Wilderpeople* ya Taika Waititi, kutoka New Zealand (2016). Mtoto mkaidi wa mjini na mzee mnuna wanakimbilia msituni, polisi nyuma yao. Kuna msiba mapema, kisha vituko vingi, na vijana watacheka zaidi kuliko wazazi.

Aliyehamia mji mgeni na hana rafiki: *The Station Agent*.

Aliye ughaibuni, anayepigiwa simu kwamba nyumbani kuna mgonjwa: *The Farewell*, lakini asiitazame peke yake usiku.

Familia inayogombana: *Little Miss Sunshine*. Gari lile haliondoki mpaka washuke kulisukuma, na mtu hahitaji kuelezewa maana yake.

Baada ya filamu, punguza maneno

Jina la mwisho likipita kwenye skrini, usiwashe taa haraka. Usiulize "Umeipenda?", maana atajibu "Ndiyo" kwa adabu, na mazungumzo yamekwisha. Wala usimweleze filamu ilimaanisha nini. Chemsha chai. Kama amelia, mwache afute machozi bila kutazamwa. Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa kulia ni aibu, na huenda hii ndiyo nafasi ya kwanza aliyoipata mwaka mzima.

Ukitaka kuuliza, uliza hivi: "Yule mtu amekukumbusha nani?" Kisha sikiliza. Akianza kutaja jina la mtu wa kwao, babu yake, dada yake, jirani aliyehama zamani, usimkatize. Filamu imefika.