Kupanga vipaumbele vya kazi za bechi kwenye z/OS

Ukiziuliza idara zote kazi ipi itangulie usiku, kila moja itataja yake. Mishahara itangulie, riba itangulie, hata ripoti isiyofunguliwa na mtu kabla ya saa nne asubuhi nayo itangulie. Swali hilo niliacha kuliuliza. Sasa nauliza: kazi hii lazima iwe imekwisha saa ngapi, na ikichelewa, nini kinakwama? Majibu yake ndiyo ninayoyaingiza kwenye WLM, msimamizi wa mizigo ya kazi aliyekuja na MVS mwaka 1994 na ambaye leo ndiye anayegawa prosesa kwenye z/OS.

Kabla ya kugusa chochote, tazama kazi inasubiri wapi. Hapa ndipo watu hupoteza usiku mzima. Fungua SDSF. Kama kazi ambayo haijakwisha ipo kwenye skrini ya ST lakini haionekani kwenye DA, bado haijaanza. Mara nyingi ipo kwenye foleni ya JES2 ikisubiri inishieta, au kuna nyingine ya jina hilohilo inayoendelea. Ikiwa inishieta zinasimamiwa na JES, ukiipandisha daraja la huduma hapo haitasogea hata hatua. Na PRTY ya kwenye JCL ni ya foleni tu. Kazi ikishaanza, haiiongezei prosesa.

Ikishaanza, ndiyo zamu ya WLM. Kila daraja la huduma hupewa lengo na umuhimu, kuanzia 1, ulio mkubwa kuliko wote, hadi 5. Chini ya hapo kuna kazi zisizo na lengo, zinazokula makombo. Miamala ya wateja huiweka 1 au 2. Bechi ambayo bila hiyo benki haifungui milango, 3. Bechi ya kawaida, 4 au 5. Majaribio ya waandishi wa programu, makombo. WLM husaidia kwanza wenye umuhimu mkubwa wanaokosa lengo, kwa hiyo ukiwapa wote 1 umerudi palepale.

Kwa bechi ndefu, lengo linalofaa ni kasi ya utekelezaji. Kasi ya 40 maana yake ni kwamba kati ya kila mara 100 ambazo WLM imeikuta kazi ikitumia rasilimali au ikicheleweshwa, mara 40 ilikuwa inatumia. Usiandike 90 kwa sababu tu meneja amepiga simu. Mashine iliyojaa haitaifikia. Andika namba iliyo karibu na ile inayoonyeshwa na RMF usiku mambo yanapokwenda vizuri, kisha fuatilia kiashiria cha utendaji. Kikizidi 1, lengo halifikiwi. Kikibaki 0.5 kila usiku, lengo ni jepesi mno.

Ninachokiogopa zaidi ni kuiacha kwenye makombo kazi inayogusa majedwali ya wote. Ikishika kufuli la Db2 kisha ikakosa prosesa, miamala yenye umuhimu wa 1 itabaki kuisubiri. z/OS ina njia za kuisukuma kwa muda, lakini usizitegemee. Kazi ya namna hiyo ipe 5 na kasi ya 10.

Kagua pia SYSOTHER. Bechi isiyoguswa na kanuni yoyote ya uainishaji huangukia humo, bila lengo, hata kama ni mishahara.

Halafu badilisha daraja moja tu, ngoja mwisho wa mwezi upite, soma RMF, ndipo uguse lingine.