Nyanya za Bondeni Ziingie Chupani

Kiangazi kinapoelekea mwisho, mabonde ya Mwakiro na ya Gitega nchini Burundi hutoa nyanya kwa mkupuo. Ni zao la msimu wa C, ule wa kulima bondeni mvua zikiwa zimekatika. Wiki ya kwanza wachuuzi hugombania kikapu, wiki ya pili wanakichambua, ya tatu wanakikataa. Mama aliyebeba nyanya kichwani hadi sokoni anarudi nazo nyumbani zikiwa zimeanza kulainika.

Nyanya hizo zina kazi bado. Zipikwe chatini.

Wengi wakisikia habari ya kuhifadhi matunda huwaza kwanza jemu, au konfitiri. Ni chakula kizuri, ila inakula sukari: kanuni za kimataifa za Codex zinataka vitu vilivyoyeyuka ndani yake, ambavyo vingi ni sukari, vifike asilimia 60 hadi 65. Nchini Burundi sukari ya kiwanda cha SOSUMO kutoka Moso imekuwa ikiadimika madukani mara kwa mara, na mkulima asiyejua ataipata lini hawezi kuijengea biashara. Chatini inahitaji sukari kidogo tu. Kinachoilinda hasa ni asidi ya siki.

Kuhusu asidi hakuna mzaha. Bakteria aitwaye Clostridium botulinum huzaliana mahali pasipo na hewa, kama ndani ya chupa iliyofungwa kabisa, na hutoa sumu inayoweza kuua hata harufu na ladha ya chakula zisipobadilika. Hawezi kuota pH ikiwa chini ya 4.6. Nyanya ziko karibu sana na mpaka huo, na zilizoiva kupita kiasi huweza kuuvuka. Ndiyo maana siki inapimwa, haikadiriwi kwa macho.

Kwa kilo 3 za nyanya, nusu kilo ya vitunguu maji hutosha, pamoja na tangawizi, vitunguu saumu, pilipili, chumvi kijiko kimoja, sukari gramu 400 na siki mililita 600 yenye asidi ya asilimia 5, iliyoandikwa hivyo kwenye chupa yake. Pilipili na sukari zinaweza kupunguzwa kwa kupenda, siki isiguswe. Nyanya zilizokatwa zikinyunyiziwa chumvi na kuachwa zichuje maji kwa saa moja, muda wa kupika hupungua, na kwa bei ya makaa hilo si jambo dogo. Sufuria iachwe wazi juu ya moto wa wastani mpaka mwiko ukipita chini uache njia isiyojifunga mara moja. Sufuria ya alumini haifai hapa, kwa sababu siki huila. Itumike ya chuma kisichoshika kutu au ya enameli isiyobanduka.

Jambo linalowaponza wenyeji wa milimani ni vitabu vilivyoandikwa kwa watu wa pwani au Ulaya. Gitega iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Jemu ambayo kitabu kinasema iko tayari kwenye nyuzi 104, Gitega imeshakamilika kwenye 99. Anayesubiri 104 ataiunguza. Kwa chupa ni kinyume chake: kwa kuwa maji ya huku hayana moto wa kutosha, chupa za chatini zilizofungwa na kuchemshwa ndani ya maji ziongezewe dakika 10 juu ya zile za kitabu.

Siki ya nyumbani je? Urwarwa, yaani pombe ya ndizi, ukiachwa wazi hugeuka siki, na bibi wengi wanaijua vizuri. Itiwe kwenye kachumbari ya kuliwa leo. Kwenye chupa ya kukaa miezi haifai, kwa kuwa ukali wake hubadilika kutoka mtungi hadi mtungi. Parachichi nalo, hata msimu wake ukiwa mkubwa namna gani, lisifungwe chupani: lina asidi kidogo mno. Maembe mabichi ya Desemba, kwa upande mwingine, ni achari iliyo tayari.

Anayetaka kuuza atazame Rwanda. Sina Gérard alianza na mkate huko Nyirangarama mwaka 1983, kisha akanunua pilipili za majirani na kutengeneza Akabanga, mafuta makali yanayouzwa katika kichupa kinachoingia mfukoni. Udogo wa chupa ulimfaa mnunuzi mwenye pesa kidogo. Kikundi cha akina mama wa Mwakiro kinaweza kuanza hivyo hivyo, kwa chupa ndogo za glasi zenye vifuniko vipya, tarehe na orodha ya viungo. Kituo cha taifa cha teknolojia ya chakula, CNTA, kipo Bujumbura, na alama ya ubora hutolewa na BBN, ofisi ya viwango ya Burundi. Watafutwe mapema, kabla ya kuwaza soko la mpakani Kobero na wanunuzi wa upande wa Tanzania.

Kwa msimu huu, siki na vifuniko vinunuliwe sasa, nyanya zikiwa bado za kijani.